Sanduku Lililotangulia Ruponda

Benchi la kahawa la Nachingwea, njia ya kwendea kiwanja cha ndege, lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walijua kila kitu isipokuwa walichoulizwa. Awadhi, mpishi wa Mzungu mmoja Dar es Salaam, alikuwa na siku ya tisa hapo. Bwana wake alimpandisha ndege aje kumwona mama yake Ruponda, lakini sanduku likabaki nyuma. Humo mlikuwa na kanga za mama, na Awadhi aliona haya kufika mikono mitupu baada ya miaka sita. Basi akangoja. Asubuhi hiyo dereva wa lori akapita, akasema sanduku lilishuka wiki iliyopita. Alisoma jina na kijiji juu ya kifuniko, akalipeleka kwa wema tu. Mama alilipokea kwa kilio.

— Kilio cha nini? Awadhi aliuliza lori lilipokwisha kuondoka.

Alijibu Propela, mfyeka majani wa kiwanjani, ambaye habari zote alikuwa nazo tangu jana.

— Kaka yako Kaimu alipokufa vitani Bama, kule ng'ambo, kilirudi nini?

Awadhi alijua. Sanduku peke yake, lenye jina.

— Basi. Matanga yako yameisha juzi. Mwalimu kakataa kuliswalia sanduku, mama kalizika hivyo hivyo na kufuli lake.

Stempu, tarishi mstaafu, akakohoa.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Akalime, bwana, si azikwe, alisema Propela.

— Jembe ni jembe. La kwake limeshatumika.

Walicheka kidogo, wakaacha. Awadhi alishikwa na hofu ya kweli. Mama alikuwa mzee wa moyo dhaifu. Akimwona mlangoni, je, ataanguka?

— Aliyeliliwa haingii kwa mlango wa mbele, alisema Propela.

— Wala habishi hodi, alisema Stempu. Mama akiitikia sauti ya maiti, anaondoka naye.

— Mimi si maiti.

— Hata wao husema hivyo. Propela akajisogeza pembeni, akaendelea: Siku ile nilikuwa nafyeka. Ndege niliiona ikitua. Wewe sikukuona ukishuka.

Awadhi alijipapasa mkono. Ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa kali.

Ndipo akaja mwanamke mwenye vumbi la safari miguuni. Aliwaamkia, akasema yeye ni Swaumu, kaolewa Ruponda mwaka jana.

— Nimetumwa kwenu, watu wa kiwanjani, na mama wa marehemu Awadhi. Habari za yule wa kwanza, Kaimu, hakupata wa kumwuliza. Sasa anauliza za huyu wa pili: siku aliyokufa, alikuwa amekula?

Stempu alitazama kikombe chake. Propela alitazama barabara. Awadhi alifungua mdomo, akakumbuka sauti ya maiti, akaufumba.

Swaumu akangoja. Alimtazama kila mmoja kwa zamu, na zamu ya Awadhi ilipofika, akairuka.