Moka na Kitenge cha Njano

Kwenye Noah ya abiria iendayo Mwimbi, dada aliyeketi mbele yangu alitoa moka nyeusi za soli nene kwenye mfuko, akazipakata. Mama wa pembeni yake, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi yetu hii, akamuuliza anaenda nazo wapi.

"Harusini kwa mdogo wangu, Marsiana. Nitazivaa na gauni hili jeusi."

"Mwanangu, utaonekana mfiwa. Moka kama hizo zinataka sketi ndefu ya marinda, soksi nyeupe na blauzi ya rangi." Alisema kwa uhakika mkubwa, kwa mtu aliyevaa yeboyebo za plastiki miguuni. "Kwani huna sare?"

"Sare ni kitenge cha njano chenye tausi. Mimi niliambiwa kimeisha. Tangu nizae nyumbani, kwangu kila kitu huisha."

Mama akashika kifungo cha juu cha koti. "Labda kweli kiliisha."

"Basi nitapita nazo katikati ya kanisa, zigonge sakafu mpaka altareni. Si hawataki nionekane?"

"Usimharibie mwenzio siku yake."

"Mimi nani alinihurumia?"

Noah ikasimama mbele ya kanisa. Mama alipoinuka, koti likanasa mlangoni, vifungo vikaachia. Njano tupu, tausi kifua kizima. Dada akabaki na moka moja mguuni, nyingine mkononi.

"Kumbe ni ndugu yetu?"

"Hapana, mwanangu," mama akasema, akihangaika na vifungo. "Marsiana hunisuka nywele tu."