Bi. Kasuga Fumiyo, Aliyempeleka Kobe Ng'ambo

Kwanza naomba radhi. Mhariri wa jarida letu la ndani aliniomba wasifu huu mwezi wa Novemba, na mpaka leo, katikati ya Machi, sijampa hata mstari mmoja, wala sikumjibu alipoulizia. Mtu anayewarudishia wenzake mikataba kwa sababu ya nukta iliyosahaulika hana haki ya kunyamaza hivyo. Sababu ya kunyamaza kwangu imo humu, na nitaifikia.

Bi. Kasuga Fumiyo anastaafu tarehe 31 Machi 2019, baada ya kuitumikia Kampuni ya Tamamizu kwa miaka thelathini na minane, yote katika Idara ya Mauzo ya Nje. Alianza kazi Aprili 1981, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, wakati idara nzima ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu karibu na stesheni ya Ogikubo. Mimi, Murozono, nilikuwa nimemtangulia kwa miaka miwili, nikaagizwa kumwonyesha makabati na kumfundisha kujaza fomu za leseni. Kabla ya mwaka kwisha, wateja waliopiga simu walikuwa wakimwulizia yeye.

Kwa faida ya walioajiriwa karibuni, nieleze kazi yenyewe. Filamu ya katuni haina mwenyewe mmoja. Hutengenezwa na kamati ya kampuni kadhaa zilizochanga mtaji, na pamoja nazo yupo mtunzi wa hadithi ya asili au familia yake. Kituo cha nje kikitaka kuirusha, hupewa leseni ya nchi fulani, kwa lugha fulani, kwa miaka kadhaa. Karatasi ya idhini huzungushwa kwa wote, na kila mwenye haki hupiga muhuri wake kwenye mstari unaohusika. Muhuri mmoja ukikosekana, kanda hazitoki ghalani. Bi. Kasuga alikuwa na kazi ya kumshawishi mnunuzi. Mimi nilikuwa na kazi ya kukagua mihuri.

Nitasema wazi, kwa kuwa wengi wenu mnajua: nimemwonea wivu kwa muda mrefu. Nilisoma Kihispania miaka sita, jioni tatu kwa wiki, kwa vitabu vya sarufi. Yeye alikiokota mezani, akila na wateja, na mpaka leo anakichanganya vibaya. Katika maonyesho ya biashara ya kila vuli, meza yangu ilikuwa na orodha za katuni zilizopangwa kwa mwaka na kwa idadi ya vipindi. Meza yake ilikuwa na makombo ya biskuti za mchele na foleni ya watu. Mwaka mpya ukifika, kadi zake kutoka nchi za nje zilijaza sanduku la viatu. Mimi nililetewa kadi moja, na daktari wangu wa meno.

Mwaka 1992 nilianza kumwandikia Bw. Quintanar, mnunuzi wa kituo kimoja cha Mexico, kuhusu *Tarishi Kobe*, ile katuni yetu ya vipindi hamsini na viwili juu ya kobe anayepeleka barua. Nilimwandikia barua kumi na nne. Alipofika Tokyo, Bi. Kasuga alimpeleka kula tambi za soba kwa kusimama, pale stesheni, katikati ya watu wanaokimbilia treni. Bw. Quintanar alikubali kununua kabla ya kumaliza bakuli. Nilipomwuliza Bi. Kasuga alimwambia nini, alinijibu kwa upole kabisa.

“Sikumwambia kitu, kaka. Barua zako hazina kosa hata moja, ila mtu akizisoma anahisi ameshtakiwa.”

Sikuwahi kumruhusu aniite kaka. Hakuwahi kuacha.

Kuna pia habari ya bafu. Kituo kimoja cha ng'ambo kilitaka kipindi cha tisa kikatwe, kwa sababu wazee wa mtaa na kobe wanaoga pamoja katika bafu la umma bila nguo. Mimi niliandaa kurasa tatu za hoja za kisheria. Bi. Kasuga aliwauliza kwa simu kama wamewahi kumwona kobe aliyevaa. Kipindi kilirushwa chote, na kurasa zangu tatu bado ninazo.

Ninafika sasa kwenye mwaka 1994.

Mtunzi wa *Tarishi Kobe*, marehemu Otsuji Kan'ichi, alifariki mwaka uliotangulia, tarehe 12 Oktoba. Maneno ya wimbo wa ufunguzi aliyaandika hospitalini, na ndiyo maandishi yake ya mwisho. Mjane wake, Bi. Otsuji Chiyoe, alikubali katuni iende Mexico. Kuhusu wimbo, alitaka kwanza asomewe tafsiri ya maneno. Kwa hiyo, katika karatasi ya wimbo, alipiga muhuri kwenye mstari wa televisheni za nyumbani peke yake, na mstari wa nchi za nje akauacha wazi.

Karatasi ilitakiwa kuwa na mihuri sita. Nilihesabu sita, nikaridhika. Sikutazama ule wa sita umekaa mstari gani. Nilipiga muhuri wangu wa mkaguzi chini kabisa, na kanda zikapanda ndege. Wimbo uliimbwa Mexico kwa wiki tatu, kwa maneno mapya yaliyomtaja kobe kuwa mvivu, ndipo mpwa wa Bi. Otsuji aliyekuwa akiishi huko akamtumia kaseti.

Bi. Otsuji alitangaza kwamba hatapiga tena muhuri wake kwenye karatasi yoyote ya Tamamizu. Mkurugenzi wa wakati ule alituita sote. Kabla sijafungua mdomo, Bi. Kasuga alisema kwamba mauzo yalikuwa yake na kosa lilikuwa lake. Hakuna aliyeomba kuiona karatasi. Niliirudisha kabatini mwenyewe.

Alikwenda kuomba msamaha na sanduku la yokan, zile peremende za maharage, kama ilivyo desturi. Bi. Otsuji alilipokea mlangoni na kumfungia nje. Mwezi uliofuata, tarehe 12, siku ambayo kila mwezi marehemu hukumbukwa, alikwenda tena akaomba kuwasha ubani mbele ya picha yake. Mwezi wa tatu aliruhusiwa kuingia. Hajakosa tarehe 12 hata moja tangu hapo, miaka ishirini na mitano. Bi. Otsuji hupiga muhuri kwenye karatasi za Tamamizu zikiletwa na Bi. Kasuga tu, na kwa ajili hiyo *Tarishi Kobe* amefika nchi kumi na tisa. Mtu mwingine akienda, huambiwa kupitia mlango kwamba mwenye nyumba hayupo.

Mwaka 1995 Bi. Kasuga alikuwa ateuliwe mkuu wa idara. Kwa sababu ya kosa lile, uteuzi uliahirishwa miaka mitatu. Aliyekaimu nafasi hiyo kwa miaka hiyo mitatu ni mimi.

Januari mwaka huu uongozi ulituarifu kwamba leseni zote za nje za *Tarishi Kobe* zinakwisha tarehe 30 Juni. Shirika moja la mtandao linaitaka kwa nchi arobaini, na muhuri wa Bi. Otsuji ni lazima. Naye ametuma neno kwamba ataupiga iwapo tu mtu atakayekuja baada ya Bi. Kasuga ni mtu ambaye yeye yuko tayari kumkaribisha ndani. Bi. Kasuga alilipendekeza jina langu. Nilikwisha kustaafu mimi mwenyewe na ninafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, lakini nilikuwa nimeitamani nyumba ile kwa miaka ishirini na mitano, na nilikubali papo hapo. Baadaye nilijua kwamba siwezi kuvua viatu mlangoni pale, wala kuandika wasifu huu, bila kusema kwanza.

Tarehe 12 Februari tulikwenda pamoja. Nilichukua ile karatasi ya 1994 na kuiweka mezani, mbele ya Bi. Otsuji, ambaye sasa ana miaka themanini na minne. Aliitazama kwa muda mrefu, akiwa ameisogeza karibu na dirisha.

“Kwa hiyo nilimsema binti wa watu bure,” alisema, “na mwenye kosa alikuwa amekaa ofisini akihesabu mihuri?”

Bi. Kasuga aliingilia. “Mama, ulinisema mwaka wa kwanza tu. Miaka iliyobaki umekuwa ukinilisha.”

“Wewe nyamaza, Fumiyo. Naongea na huyu. Mbona hukusema?”

Nilimjibu kwamba mwanzo niliogopa, na baadaye nikaona wivu, kwa kuwa kosa langu lilikuwa limempatia mwenzangu nyumba ya kwenda, nami halikunipatia kitu. Hakucheka, wala hakukasirika kwa namna niliyoweza kuiona. Alisema atafikiri, na kwamba nisithubutu kumpigia simu. Karatasi aliibakiza kwake.

Tukisubiri treni, nilimwomba Bi. Kasuga msamaha kwa ile miaka mitatu ya uteuzi. Alikuwa akitafuta glavu yake moja mfukoni.

“Ungesema mwaka ule, kaka, mimi nisingemjua mama yule. Na mimi nilinyamaza kwa faida yangu. Usidhani mchoyo ni wewe peke yako.”

Hilo pia nimemwonea wivu, kwamba anaweza kusema jambo kama hilo huku akitafuta glavu.

Rekodi ya kazi sasa imesahihishwa: kosa la 1994 ni langu, na nimeuarifu uongozi kwa maandishi. Bi. Kasuga anaacha idara yenye watu kumi na wanane, leseni hai mia mbili na sita, na wateja wanaojua siku yake ya kuzaliwa. Anahamia Matsumoto kwa dada yake, ambako anasema atalala mpaka saa tatu asubuhi. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante, Fumiyo. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na siku nyingi za furaha.

Kuhusu Bi. Otsuji, mpaka naandika haya hajatoa jibu. Tarehe 12 Aprili nitakwenda peke yangu, na nitasimama mlangoni. Siku atakapoamua nitawaandikia hapa, na jibu lake nitaliweka neno kwa neno kama atakavyolitamka, hata likiwa ni la kuniambia mwenye nyumba hayupo.