Mama Anastasie na Uzi wa Mama Mkwe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Pacifique, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimepewa nisome maisha ya mama yangu, na nitayasoma yote, maana jana kaburi likichimbwa nilisikia mtu wa ukoo akiuliza kama mwanamke huyu anastahili kulala katika ardhi yetu. Aliyeuliza yuko hapa, na anajijua.

Mama Anastasie alizaliwa Wamaza, upande wa Kabambare, mwaka 1913. Alisoma kwa masista, akajua kusoma, kuhesabu na kupika. Kushona kulimshinda kabisa. Nguo alizotushonea zilipinda mabega, na alicheka mwenyewe kila alipotuona tumezivaa.

Tarehe 6 Februari 1932 alifunga ndoa na baba yangu Zéphirin, mkulima wa hapa Kasongo. Kwa kuwa hakujua kushona, nguo zake alizipeleka kwa fundi Faradji sokoni. Fundi huyo alikuwa na vidole sita mkono wa kushoto. Mwaka uliofuata nilizaliwa mimi, vidole sita kila mkono, hivi mnavyovikodolea macho tangu asubuhi.

Bibi yangu Mathilde, mama yake baba, alitaka kuvifunga uzi vile vya ziada mpaka vikauke vianguke, kama wakunga walivyozoea. Mama alikataa.

"Muache mutoto wangu. Mungu hakukosea hesabu."

Bibi alinyamaza. Wengine ndio waliosema. Mji ulimtazama fundi, ukanitazama mimi, ukajumlisha. Baba hakumfukuza mama, lakini mimi hakunishika mkono. Mama aliapa mbele ya padri, haikusaidia kitu. Mama naye akaanza kumshuku kila mtu kwamba anamsema, anayecheka na anayenyamaza, na zaidi huyo anayenyamaza.

Mwaka 1949 shangazi yangu Cécilia, dada ya baba, alikwenda kujifungua maternité. Mama na bibi walimsindikiza ndani, baba nami tukangoja nje. Mtoto hajatoka bado, mama akaona uzi mweusi umefungwa kwenye pindo la kikwembe cha bibi.

"Mama, hii uzi ni ya nini? Mutoto angali mu tumbo."

Bibi aligeuza uso. Mtoto alitoka na vidole sita kila mkono.

Mama alikwenda moja kwa moja nje alikokaa baba, akamshika mkono, akapapasa ubavu wa kidole chake cha mwisho. Palikuwa na kinundu kama punje ya mtama, na mkono wa pili vilevile. Baba alidhani kila mtu anacho. Hapo bibi akakiri kwamba alimfunga mwanawe uzi siku ile ile aliyozaliwa, kisha akaficha miaka yote, asije akaambiwa nyumba yake ina laana.

"Uzi inakata kidole, haikate mbegu," alisema muuguzi Théophile. Alitueleza kwamba mtoto hupokea sehemu kwa baba na sehemu kwa mama. Jambo kama hili, mzazi mmoja akiwa nalo yatosha, na linaweza kupita ndani ya mtu lisionekane kwake, likatokea kwa mtoto wake, kama kwa shangazi, ambaye hana hata kinundu. Fundi Faradji alirithi vyake kwao.

Siku hiyo baba alinishika mkono kutoka maternité mpaka nyumbani. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, niliona haya, lakini sikuuondoa.

Tangu Pasaka ya mwaka huu wa 1957 kifua kilimsumbua mama. Alifariki tarehe 9 Septemba hospitalini Kasongo, baba akiwa kando yake. Nilimpenda mno, na nina hasira.

Ameacha mume, watoto wanne, dada yake aliyeko Wamaza, na wajukuu watatu. Wa mwisho alizaliwa mwezi uliopita na vidole kumi na viwili. Hakuna aliyemkaribia na uzi.

Baba amekaa pale karibu na jeneza. Kabla ya kutupa udongo, kila mmoja ampe mkono, na asifanye haraka kuuachia. Yule aliyeuliza habari ya ardhi aanze yeye.

Mama yetu apumzike kwa amani, na safari hii mumuache.