Rangi ya Kaunta ya Mama Mwongeli

Kijiwe chetu kiko Mutomo, kati ya duka la dawa za mifugo na kibanda changu cha kushona viatu. Ni benchi moja la mbao, birika la Muktar juu ya makaa, na vikombe sita, kimoja hakina mkono na ndicho hunifikia mimi. Hawa majirani sikuwaomba. Nilikodi kibanda nishone viatu kwa amani, lakini tangu Muktar alete kahawa yake ya tangawizi sijawahi kumaliza soli moja bila kusikiliza kesi ya mtu. Alhamisi hii kesi ilikuwa ya Kiema. Tunamwita Mwaka Ujao, kwa sababu amemwahidi mkewe Nduku jikoni ya kisasa mwaka ujao, kila mwaka, tangu waoane. Sasa mwaka huu amejenga kweli. Nduku yuko Machakos kwa binti yao Mwongeli aliyejifungua, anarudi Jumamosi, na hajui lolote. Ilibaki kaunta ya graniti tu. Fundi alikuwa ametuma vipande vinne vya mfano, kila kimoja ukubwa wa sabuni ya kufulia, akasema atapita saa tano kuchukua jibu.

Kiema alivipanga kwenye benchi: nyeusi, nyekundu, kijivu, kijani. Alikuwa amevipangusa mpaka vinang'aa.

— Mnisaidie, alisema. Nikikosea hii nimekwisha. Mama Mwongeli amengoja miaka thelathini na moja. Hataniambia kitu. Atasema tu asante, halafu atanyamaza mpaka Krismasi.

Tulimwelewa. Nduku akinyamaza, hata mbwa wao huhamia kwa jirani.

Wa kwanza kushika jiwe alikuwa Kaloki, ambaye sisi humwita Satelaiti. Hajafika mahali pengi, lakini hakuna mahali hajui habari zake.

— Nyeusi achana nayo. Nyeusi inakula jua. Na hii jua ya Mutomo? Mama akiacha chapati hapo saa nne, saa saba anapata imeiva upande moja.

— Kaunta iko ndani ya nyumba, Kaloki, nilimwambia.

— Na jua inaingia kwa dirisha, Gundi. Ama dirisha ya Kiema ni ya kuchorwa?

Gundi ni mimi. Kiema akaisogeza nyeusi kando kidogo.

Hapo Ndululu akasafisha koo. Huyu ni Askofu. Hajawahi kuwa askofu, ni mzee wa kanisa tu, ila akianza kuongea kahawa hupoa.

— Mimi siongei mambo ya jua. Naongea mambo ya heshima. Hiyo nyeusi mliiona wapi mara ya mwisho?

Alitutazama mmoja mmoja, akajijibu mwenyewe.

— Kwa kaburi ya yule tajiri kule Ikutha. Hii hii, na hizi nyota ndani. Sasa pasta akuje kwa Kiema, awekewe chai juu yake. Ataomba ama atazika?

Kiema aliifunika nyeusi kwa kofia yake kabisa.

— Basi nyekundu, alisema.

— Nyekundu ni ya chama, alisema Satelaiti.

— Chama gani?

— Chochote. Kampeni ikianza lazima kuna watu watavaa nyekundu. Shati ya kampeni unaweza kuficha chini ya godoro. Kaunta utaficha wapi?

Muktar aliinua kichwa kutoka kwa birika. Kwa kawaida yeye huongea tu akitaka kikombe chake kirudi.

— Kwangu, mke wangu Isnino alikataa rangi ya maziwa. Alisema inakunywa mafuta.

— Lakini hapa hakuna ya maziwa, Muktar.

— Ndiyo nasema. Hapo mko salama.

Tulimshukuru. Askofu akapendekeza kijivu, kwa sababu inaficha majivu. Satelaiti akasema hapo ndipo kuna hatari, kwamba kuna mtu Kilungu aliweka kijivu na wakatafuta kisu siku mbili, kumbe kiko mbele yao. Nilimwuliza Kilungu gani. Akasema kule juu juu.

— Na kijani? Kiema aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

— Kijani na ukame hii? Mbuzi ikichungulia mlango mara moja, umekwisha. Utalala na mbuzi jikoni. Na tena, Satelaiti aliweka kikombe chini, mnajua haya mawe inatoka wapi? Inatoka kwa hizi milima zetu. Inachimbwa, inapelekwa ng'ambo, inapigwa polishi, inarudi na jina ya kizungu. Sasa jiwe ikirudi karibu na kwao, inaanza kusonga. Pole pole. Wewe huoni. Baada ya miaka kumi kaunta ya Kiema itakuwa imetoka jikoni, imefika sebuleni, inaelekea mlimani.

— Unaifunga na nondo, alisema Askofu, ambaye alikuwa anasikiliza kwa makini.

— Nondo inasonga nayo.

Mimi nilicheka mpaka msumari ukanitoka mdomoni. Kiema hakucheka. Alikuwa ameshika kile kipande cha kijivu kwa mikono miwili.

— Nyinyi mnacheza, alisema. Mimi niliona kitu hii Aprili. Mvua ilikuwa inanyesha ile kubwa, na mimi nimekaa kwa veranda nangoja chakula. Akatoka kule jikoni ya nje na sahani ya muthokoi, ile mahindi ya kukobolewa, ameifunika na leso. Yeye alikuwa amenyeshewa mpaka ndani. Muthokoi ilikuwa kavu. Nilikula yote, halafu nikashindwa kumwangalia.

Muktar alimwongeza kahawa bila kuulizwa.

Saa tano pikipiki ikasimama. Akashuka kijana mwenye futi kiunoni na penseli sikioni. Alikuwa fundi mwenyewe, Kiilu, na tulikuwa tunamwona kwa mara ya kwanza. Alisalimia wazee mmoja mmoja, vizuri, kisha akachomoa futi na kumgeukia Kiema.

— Mzee, rangi tutaongea. Leo najenga kuta za kubeba jiwe, kwa hivyo nataka kimo. Mama hupika akisimama ama akikaa?

Kiema alikigeuza kile kipande cha kijivu mikononi.

— Anasimama, alisema Satelaiti.

— Ulimwona?

— Mimi nitamwona wapi? Jikoni ya mtu?

— Basi wako?

— Wangu, Satelaiti alisema, akatazama barabara. Wangu chakula inakuja tu.

— Kijana, mwanaume haingii jikoni, Askofu alimweleza kwa upole. Hiyo ni mila yetu. Ataingia kutafuta nini?

— Mila sijakataa, mzee. Nauliza inchi.

Tulikaa hapo, wanaume wazima watano waliooa. Mimi nilijaribu kumwona Katunge wangu akisonga ugali. Niliuona mkono wake ukiweka sahani mezani. Niliiona sahani. Nyuma ya hapo sikuona kitu, na niliona aibu, kwa sababu saa hiyo hiyo ugali wake ulikuwa tumboni mwangu.

Kiema alitoa simu. Simu yake huongea kwa sauti ya juu tu, ile ya sikioni iliharibika.

— Nduku.

— Kiema. Nani amekufa?

— Hakuna mtu amekufa. Nauliza tu. Wewe ukipika, huwa unasimama ama unakaa?

Tulisikia mtoto akilia kule Machakos, kisha akanyamazishwa.

— Umekula leo?

— Nimekula mandazi. Nijibu, mama.

— Nakaa.

— Unakaa juu ya nini?

— Si ile kiti ya miguu tatu. Uliniundia ile wiki tulioana. Ulisema nikalie hiyo siku mbili tatu, jikoni inakuja.

Askofu alichunguza vidole vyake. Satelaiti alikunywa kutoka kikombe ambacho mimi nilijua hakina kitu.

— Na ungekuwa na meza, Kiema alisema, ungesimama?

— Sijui, Kiema. Sijawahi kuwa nayo.

Tulimsikia akimbembeleza mtoto, kisha akauliza.

— Kwani kiti imevunjika?

— Hapana. Haijavunjika.

— Basi usiikalie. Mguu moja nimefunga na kamba.

Simu ikakatika. Kiilu alirudisha futi kiunoni polepole, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

— Fundi, alisema Kiema, kuja Jumamosi jioni. Utampima yeye mwenyewe. Na hizi rangi atachagua yeye.

— Sasa hiyo si itakuwa haijaisha akifika?

— Itakuwa haijaisha. Nitamwambia hivyo mimi.

Akaokota vipande vyote vinne, akavitia mfukoni, suruali ikaning'inia. Kisha akaja kwangu.

— Gundi, una misumari ndogo?

— Ya nini?

— Ya mguu ya kiti.

Nilimpa kumi na miwili, nikampa na nyundo. Satelaiti alingoja Kiema apite kona, ndipo akasema kwamba yeye, kama angeulizwa, bado angechukua kijani. Muktar alimnyang'anya kikombe.

Kiema alikuwa amesema nyundo ataileta saa nane. Wengine walisema tutaiona mwaka ujao. Saa nane aliileta, kofia yake imejaa masizi ya jikoni.