Mwalimu Marcelline Furaha Bisimwa, Aliyegawa Karatasi Bila Rula (1968–2014)

Marehemu Marcelline Furaha Bisimwa alizaliwa tarehe 14 Mei 1968, Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Dominiki Bisimwa na Mama Julienne. Baada yake alizaliwa Gustave, anayewasomea maneno haya, ambaye mpaka leo humwita Marehemu Yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa kwetu.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari Kadutu, akapata diploma ya ualimu mwaka 1988. Tangu hapo alifundisha darasa la kwanza, wala hakutaka kupandishwa. Alisema mtoto akiharibiwa darasa la kwanza, walimu wa juu hubaki kupaka rangi ukuta uliopinda.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Bwana Honoré Mushagalusa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Elysée na Carmel. Machafuko ya mwaka 2004 yaliwatoa Bukavu, na baada ya safari ndefu wote wanne, pamoja na mdogo wake, walifika Durban, Afrika Kusini, tarehe 9 Machi 2008.

Mwaka wa kwanza alisuka nywele katika saluni. Januari 2009 alifungua darasa katika chumba cha mbele cha fleti yao, Greyville, kwa ajili ya watoto wetu waliokuwa bado hawajapata nafasi shuleni. Vitabu havikuwapo. Bwana Honoré alileta kutoka ghala la Clairwood alikofanya kazi karatasi zilizoandikwa upande mmoja, na kwa hizo Marehemu alifundisha nusu, robo, pembetatu na mraba. Sheria yake ilikuwa moja: anayekunja siye anayechagua kipande kwanza. Kwa sheria hiyo watoto wa miaka mitano walijifunza kukunja kwa haki.

Siku moja mwaka 2011 mdogo wake, mwenye shahada ya hisabati na mwuzaji katika duka la simu, alimsahihisha mbele ya darasa alipokuwa akikunja karatasi sehemu tatu sawa.

"Yaya, tatu haikunjwi kwa macho. Inapimwa."

"Basi pima, Monsieur le licencié, bwana mwenye shahada."

Alipima kwa rula, akatia alama, akakunja. Watoto walikata vipande na kuvipanga kimoja juu ya kingine; kimoja kilikuwa chembamba.

"Ile ingine tonton alikula," akasema mtoto mmoja akimwonyesha mjomba huyo kwa kidole, na chumba chote kikacheka.

"Mumuache," Marehemu akawaambia. "Iko anajifunza."

Kisha akaipinda karatasi nyingine kama herufi S, bila kuibonyeza, akasogeza kingo zake polepole mpaka zikalingana, ndipo akapitisha ukucha. Vipande vitatu vilitoka sawa. Mdogo wake alicheka pamoja nao, lakini nyumbani aliendelea kuamini kwamba ule ulikuwa mchezo wa watoto, usiomstahili mtu aliyesoma. Inampasa kuyakiri haya hapa, ingawa hana hakika kama wasifu wa marehemu ndio mahali pake.

Novemba 2013 Marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Aliendelea kufundisha mpaka Juni 2014, mikono ilipovimba na vidole vikakataa kukunja. Jumapili ya tarehe 27 Julai, hospitalini, alimwuliza mdogo wake:

"Gustave, batoto utabachukua?"

"Yaya, upone kwanza."

"Sikukuuliza kama nitapona."

Mdogo wake alisema watazungumza siku nyingine. Alihofia kuonekana mbele ya wenzake akikunja karatasi na watoto. Alihofia zaidi kwamba hangeweza. Marehemu hakurudia swali. Aliomba maji, akageukia ukutani. Alifariki Jumapili iliyofuata, tarehe 3 Agosti 2014, saa kumi na moja alfajiri, kabla jibu halijamfikia.

Kesho yake, saa moja na nusu asubuhi, watoto kumi na wawili walikuja mlangoni na vikopo vyao vya chakula. Wazazi wao walikuwa hawajapata habari. Mdogo wake ndiye aliyefungua. Mmoja, Irakoze, aliuliza, "Teacher iko wapi?" Mdogo wake aliwaambia leo hakuna darasa, akafunga mlango, na kwa muda mrefu aliwasikia wakiwa bado wamekaa kwenye ngazi.

Marehemu ameacha mume, Bwana Honoré. Watoto, Elysée na Carmel. Mama yake mzazi, Mama Julienne, aliye Bukavu, ambaye tunamsomea maneno haya kwa simu. Mdogo wake mmoja. Na wanafunzi kumi na wawili, ambao wazazi wao wanaombwa kuwaleta Jumatatu, tarehe 11 Agosti, saa moja na nusu, mahali palepale. Mwalimu atakuwa Gustave. Hajui kukunja vizuri.

Ndiyo, Yaya. Nitabachukua. Unisamehe sikukuambia ukiwa unasikia.

Bwana akupe pumziko, na amani yake ikae nawe.