Fundi Aliyeandikwa Mfagiaji

Leo Jumamosi, tarehe 30 Agosti 2025, Mama Anastasie Feza anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika hospitali yetu ndogo ya njia ya Kabambare.

Aliajiriwa kufagia nyumba ya jenereta. Fundi wa wakati ule, Bwana Pierre, alipenda mno safari za sokoni Kasongo, na mama aliyeachiwa ufagio akaachiwa na mashine. Siku moja saa nne asubuhi jenereta ikazimika, mzazi akiwa juu ya meza ya upasuaji. Anastasie akavua kitambaa cha kichwa, akapangusia chujio la mazutu, yale mafuta ya dizeli, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta, ikawaka. Mtoto yule, Chimène, leo ni muuguzi wetu. Na barua ya pongezi? Ilikwenda kwa Pierre!

Tangu hapo tumepata mafundi wakuu watatu, wote wanaume, wote wamefundishwa naye. Walipoijua kazi tu, wakakimbilia Salamabila kutengeneza pampu za wachimba dhahabu. Kila mara mama alibaki peke yake na mashine, na kwenye orodha ya wafanyakazi akabaki mfagiaji. Ukiuliza, jibu ni lile lile: mwanamuke na mashine, wapi na wapi? Loo! Kana kwamba nati inauliza mkono unaoikaza ni wa nani. Hata mluzi walimkataza, eti mwanamke akipiga mluzi anafukuza baraka. Akaendelea kupiga, na sisi tukiusikia tulijua taa zinarudi.

Hasira yangu inaanza na mimi mwenyewe. Mimi Nathanaël, karani wa hospitali hii, nimechapa neno hilo "mfagiaji" mbele ya jina lake miaka kumi na minane, huku friji ya chanjo ikinguruma mgongoni kwangu kwa umeme wake. Nilizoea. Ndivyo tunavyolea: binti mpe ufagio, kijana mpe spana, kisha tunasema Mungu ndiye aliyegawa. Mungu gani? Ni sisi! Naona aibu.

Wiki iliyopita niliagizwa kuchapa cheti chake cha utumishi: mfagiaji, miaka thelathini na minne. Mama hakulalamika. Aliniambia tu kwamba cheti kitatundikwa ukutani, na wajukuu wake wanajua kusoma. Nikakataa. Nimechapa FUNDI MKUU. Mkurugenzi amekikalia siku tano bila kusaini, eti kitaleta mfano mbaya. Mbaya kwa nani?

Basi, ndugu, asubuhi hii nimekitoa ofisini kwake. Kiko juu ya meza pale mbele, na kalamu pembeni. Sombe ya majani ya muhogo na wali viko tayari, lakini akina mama wa jikoni wamekubaliana nami: hakuna sahani itakayofunuliwa kabla ya wino kukauka.

Mama Anastasie, asante. Kapumzike na afya njema, na mluzi wako uupige popote upendapo.

Bwana Mkurugenzi, tunakungoja.