Ulimi wa Kiwanda Unakwenda Kupumzika

Baada ya miaka thelathini na moja ya kula kazini kwa ruhusa ya mwajiri, jambo ambalo sisi wengine tukilifanya tunaandikiwa barua ya onyo, Mwonjaji Mkuu wa kiwanda chetu cha biskuti anastaafu rasmi siku ya mwisho ya mwezi huu. Idara ya Utumishi imetuomba sisi wa upakiaji tumwandikie wasifu wa heshima. Kwa heshima tutajitahidi. Wasifu ndio huu.

Humu ndani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mzee Ulimi, na alikuwa Mzee Ulimi hata kabla hajawa mzee. Aliajiriwa kupakia trei kwenye oveni, akakamatwa akila biskuti zilizovunjika. Alipoitwa kuhojiwa, badala ya kuomba radhi alilalamika kwamba zimezidi chumvi. Meneja wa wakati ule, mtu mwenye busara, akaona kuliko kumfukuza mwizi mwenye ulimi mzuri ni afadhali amlipe. Ndivyo vipaji vinavyogunduliwa hapa kwetu.

Akapewa koti jeupe, kiti kirefu, bilauri ya maji ya uvuguvugu na chumba chake mwenyewe. Kuanzia hapo hakuna aliyeishi kwa raha. Ukijipulizia manukato, huingii. Ukila kitunguu, huingii. Mkurugenzi mmoja alisimamishwa mlangoni kwa kosa la kutafuna peremende ya mnanaa, akasubiri nje kama mwanafunzi aliyechelewa kuhesabu namba. Mkurugenzi yule aliondoka zamani. Mzee Ulimi akabaki.

Sasa, mtu anayeonja vitu vitamu tangu asubuhi hadi jioni, kisha anarudi nyumbani kunywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, akianza kunywa maji kama ngamia na kwenda msalani kila baada ya mazungumzo mafupi, mtu mwenye akili angeshuku kitu. Sisi tulisema ni uzee. Yeye alisema ni joto la oveni. Halafu akaanza kutugombeza upakiaji kwamba maandishi ya paketi yamefifia. Tukabadilisha wino. Akasema bado. Tukaita fundi, akaifungua mashine yote na kuifunga tena, akaondoka akiwa na bolti mbili zilizozidi. Bado. Mwishowe mkewe akamshika mkono akampeleka kupimwa macho, na huko ikajulikana kuwa kilichofifia si wino. Wakampeleka kliniki, wakamchoma kidole.

Nesi wa kliniki, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo, alimuuliza anafanya kazi gani.

“Naonja biskuti,” akajibu.

“Baba, nimekuuliza kazi. Ugonjwa nimeshauona.”

Akapewa vidonge, akafundishwa namna ya kula, akaambiwa ulimi uonje lakini koo lisimeze. Hilo la mwisho lilimuuma kuliko sindano. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiamini kutema biskuti ni dharau kwa mwokaji.

Habari zilipoenea, kiwanda kiligundua kwamba kina madaktari wengi kuliko waokaji. Wahasibu walimletea asali, maana asali ni ya nyuki na nyuki hana nia mbaya. Stoo wakamshauri sukari ya kahawia, kwa hoja ya kisayansi kwamba rangi yake imetulia. Mlinzi wa geti akamkataza vyote hivyo, akampa juisi ya matunda glasi kubwa, kwa sababu tunda ni dawa. Mzee wetu, mtu asiyependa kumvunja mtu moyo, alikubali vyote. Sukari yake ikapanda ngazi moja baada ya nyingine bila hata kupumzika. Nesi alipoambiwa mambo ya asali alishusha pumzi tu. “Damu yako, baba, haiulizi sukari imetoka kwa nyuki au kwa muuza duka.”

Hapo ndipo akaingia shemeji.

Shemeji huyu, kaka wa mke, mwaka uliotangulia alikuwa fundi wa kupaua nyumba. Sasa alikuwa mtaalamu wa virutubisho. Mabadiliko hayo yalimchukua semina ya wikiendi moja na tai nyekundu. Alimletea Mzee kopo la unga wa kijani, lenye picha ya familia inayocheka ufukweni, akamhakikishia kwamba unga ule unayeyusha sukari mwilini kama mvua inavyoyeyusha chumvi. Hauna madhara, kwa kuwa ni wa asili. Tungemkumbusha kwamba sumu ya nyoka nayo ni ya asili, lakini nani anamsikiliza mtu wa upakiaji?

Mzee akawa anatumia unga, na vidonge vya kliniki pia, ili dawa zisaidiane. Kliniki hakusema neno. Na kwa kuwa kila kitu kikifanywa mara mbili hufanya kazi mara mbili, akaongeza kijiko. Kisha, kwa kuipa mashine ya mwili nafasi ya kupumzika, akaacha kula asubuhi.

Ilikuwa kabla ya chai ya saa nne. Tulisikia kelele chumba cha kuonjea. Tulipofungua mlango tukamkuta Mzee amesimama, koti limelowa jasho, mikono inatetemeka, anaigombeza trei ya biskuti za nazi kwamba zimemtukana. Msimamizi wa zamu akanong’ona kwamba mzee amelewa. Mwingine akasema amerogwa. Mtu wa Utumishi, ambaye kila jambo kwake lina utaratibu, akauliza kama ana ruhusa ya kuumwa. Mzee akakaa chini sakafuni, pole pole, kama gunia linalovuja.

Ndipo Bibi Oveni akapita katikati yetu kwa viwiko. Huyu ndiye msimamizi wa oveni, mama mkimya ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti hata mashine ilipomuunguza.

“Mleteeni sukari! Upesi!”

Hakuna aliyesogea. “Sukari?” akauliza msimamizi wa zamu. “Dada, si sukari ndiyo inayomuua?”

“Leo kuikosa ndiko kunakomuua! Hebu ondokeni!”

Hebu tafakari, msomaji. Kiwanda kizima kina magunia ya sukari yaliyopangwa hadi dari, sharubati inapita kwenye mabomba juu ya vichwa vyetu, na sisi tumesimama tukijadili. Bibi Oveni hakujadili. Alichota sharubati kwenye kikombe, akaichanganya na maji, akamuuliza Mzee kama anamsikia. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akamnywesha kidogo kidogo, akimwambia meza, kaka, meza, haya tena. Baadaye kidogo macho ya Mzee yakarudi kutoka kokote yalikokuwa, akatutazama mmoja mmoja, akalamba midomo, akasema, “Hii sharubati imeungua.”

Tukajua amepona.

Tulipomuuliza Bibi Oveni alijuaje, alijifuta mikono kwenye aproni kwanza. Kisha akatwambia kwamba yeye mwenyewe anaishi na kisukari, miaka mingi sasa. Alikuwa akijichoma sindano ya insulini kwenye stoo ya mifuko, nyuma ya mlango, kwa kuogopa kwamba kiwanda cha biskuti hakitamtaka mtu wa namna yake. Miaka yote hiyo tulidhani anakwenda kusali. Mtu wa Utumishi alikohoa, akatazama viatu vyake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekosa utaratibu.

Kule kliniki, nesi alilinusa kopo la shemeji, akalitazama juu na chini. “Sijui kilichomo humu, na aliyekuuzia hajui. Kama hakifanyi kitu, umeliwa. Kama kinashusha sukari, umekiweka juu ya vidonge vinavyoshusha sukari, na chakula hukula. Ulitaka kufika wapi, baba?” Shemeji alipopelekewa habari alisema mwili ulikuwa unatoa sumu. Mke wa Mzee alimsindikiza kaka yake hadi barabarani, na kopo lake likamtangulia.

Ungedhani baada ya kuponea chupuchupu kila mtu angetulia. Sasa sikiliza uongozi wetu ulivyotulia. Miezi michache baadaye Idara ya Masoko ikatuletea wazo la kuleta nuru duniani: Biskuti za Afya, zisizoongezwa sukari. Kwenye paketi, kwa herufi za dhahabu, yakaandikwa maneno “Salama kwa wenye kisukari.” Na chini yake ikatakiwa picha ya mtu mwenye kisukari anayetabasamu. Mnamjua.

Wakamvisha kilemba cha ukoka, akavaa. Alinyoa ndevu, akaazima tai kwa mwanawe, akapigwa picha akiwa ameinua biskuti kama mtu aliyeshika kombe. Kwa wiki nzima hakukaliki naye chumba kimoja kwa majivuno. Na kwa kuwa aliamini kila neno lililokuwa juu ya picha yake, alichukua paketi moja nyumbani, akaila yote kwa chai isiyo na sukari, akiwa na dhamiri safi.

Mkewe akampima. Sukari ilikuwa juu kupita siku zote.

“Mashine imeharibika,” akasema Mzee.

“Nipime mimi basi.” Akampima. Ya mkewe ilikuwa sawa kabisa. “Mashine ni nzima, baba watoto. Tutafute kingine kilichoharibika.”

Nesi aliisoma paketi mbele na nyuma. Akamwonyesha kwa kidole: unga wa ngano mweupe, wanga tupu. “Wanga ukifika tumboni unageuka sukari. Tumbo halisomi maandishi ya paketi.” Hakumwambia biskuti ni sumu. Alimwambia mbili ni mbili na paketi ni paketi, na kwamba neno “salama” limemfanya asahau kuhesabu.

Mzee alirudi akiwa na paketi mkononi na uso ulioshuka. Mwenyewe alituambia baadaye kwamba hakulala, si kwa sababu ya sukari, bali kwa sababu ya ile picha. Aliwaza watu wangapi watamwangalia anavyotabasamu kisha wafungue mdomo. Asubuhi akaenda Masoko kuomba maneno yale yatolewe.

“Mzee,” meneja wa Masoko akamwambia kwa upole wa kumbembeleza mtoto, “watu wanapenda matumaini.”

“Uzeni matumaini. Lakini kwenye paketi nyingine, na sura nyingine.”

Akakataa kuidhinisha shehena. Kwa kutambua mchango wake, uongozi ukampumzisha kuonja, ukampeleka stoo kusimamia maboksi matupu. Alikaa huko kwenye vumbi, anapiga chafya, na ule ulimi ulioheshimika kiwanda kizima ukawa hauna kazi ila kulaani. Wengi wetu tulimwonea huruma sana, kwa mbali.

Kilichomtoa ni mkutano wa wafanyakazi. Mkurugenzi alikuwa akisifu Biskuti za Afya, akauliza, kwa namna ile ya mtu asiyetaka jibu, kama kuna mwenye la kusema. Bibi Oveni akasimama. 

“Mimi nina kisukari,” akasema, mbele ya kila mtu. “Zile biskuti naoka mimi. Zinanipandisha. Mama yangu naye anacho, na haoni vizuri kusoma nyuma ya paketi. Atasoma zile herufi za dhahabu tu.”

Kisha dereva wa lori akasimama, akasema naye anacho. Kisha mpishi wa kantini. Kisha, Mungu hakosi mzaha, katibu muhtasi wa Mkurugenzi mwenyewe. Mkurugenzi aliangalia huku na huku kama mtu aliyegundua nyumba yake ina wapangaji asiowajua.

Maneno yalitolewa. Picha pia. Leo paketi inasema biskuti haziongezwi sukari, zina wanga, na mwenye kisukari azipangie kwenye chakula chake. Meneja wa Masoko alitabiri zitadoda. Zinauzwa vizuri tu, naye anasema lilikuwa wazo lake. Mzee alirudi kwenye kiti chake, akajifunza kutema kwa adabu. Jicho moja halikurudi kama zamani, na halitarudi; hilo hatuna mzaha nalo. Bibi Oveni anajichoma sindano yake chumba cha huduma ya kwanza, mlango wazi akitaka, umefungwa akitaka.

Ijumaa tutamuaga Mzee Ulimi kantini. Kamati ya maandalizi, baada ya kutafakari kwa kina namna ya kumuaga mtu mwenye kisukari, imeagiza keki ya ghorofa mbili. Msihangaike. Ameshazungumza na nesi: atakula kipande kimoja chembamba, amekipangia nafasi, na atakila taratibu, kwa meno yake na akili yake. Ombi lake ni moja, nasi tunaliwasilisha kwa niaba yake: akiweka kijiko mdomoni, msimkodolee macho, na msimwambie kitu.

Asante, Mzee, kwa kutuonjea, kwa kutugombeza, na kwa kukataa. Tunakuombea siku nyingi zenye miguu mizima, jicho lililobaki liwe kali kama ulimi, na wageni wanaokuja kukusalimu tu, mikono mitupu, bila kopo, bila asali na bila ushauri.